Mama Aliyesema Hana Mtoto

Mtoto akipotea, watu humtafuta kwanza kisimani, halafu barabarani, halafu kwa mtu ambaye tangu zamani hawampendi. Soko la Kwa Nduva, hapo mbele ya Kyuso, lilikuwa limeshafika hatua hiyo ya tatu wakati Sajini Mwongeli wa upelelezi aliposhuka kwenye gari la polisi, jua likiwa limeshapita utosini na vumbi likimkaribisha hadi kooni.

Aliyepotea ni Ismahan, msichana wa gredi ya kwanza, mtoto wa pekee wa Deqa. Deqa ni yule mjane Msomali mwenye duka la nguo na manukato, linalopakana kwa nyuma na stoo za ndengu, yaani choroko. Asubuhi mtoto alionekana akiruka kamba mbele ya duka. Sasa mchana ulikuwa umeanza kulala, na mbele ya duka hilo hilo palikuwa na umati unaotosha kujaza kanisa.

"Madam, usidanganywe! Huyo ameuza mtoto!"

"Auze wapi? Ameua huyo!"

"Kama hamtaki kumshika, tuachieni sisi!"

Konstebo Muindi, bunduki begani, alipasua njia kwa kiwiko. Mwongeli akamfuata, akaingia, akavuta mlango nyuma yake. Ndani kulikuwa na joto la tanuri na harufu ya udi. Deqa alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi katikati ya magauni yaliyoning'inia, mikono ameificha ndani ya buibui. Hakumtazama Mwongeli. Alikuwa anatazama buti za Muindi.

"Mama Ismahan, pole. Mimi naitwa Mwongeli. Mtoto ulimwona mara ya mwisho wapi?"

"Sina mtoto."

"Sikiliza, mama. Hatujaja kwa ubaya. Mtoto wako Ismahan..."

"Mimi sina mtoto."

Muindi alitungua sketi ndogo ya shule kutoka kwenye msumari. "Na hii ni ya nani? Ni yako? Hebu vaa tuone kama itakutosha."

"Sijui."

"Na huyu kwenye picha, mmeshikana mikono?"

"Simjui huyo."

Kuna mtu alikuwa amebandika sikio dirishani. Maneno yakatoka pale kama moto wa nyasi: amemkana, amemkana mtoto wake! Jiwe la kwanza likagonga bati la paa.

Mwongeli alikuwa amehoji waongo wengi maishani, na jambo moja alilijua: mwongo hueleza. Atakutajia shangazi wa Mwingi, atakupa rangi ya basi na jina la kondakta. Huyu hakueleza kitu. Alikuwa anatamka yale maneno kama mtoto anayesema fungu la kukariri mbele ya mwalimu, bila kuruka neno. Na katikati ya maneno alikuwa anajikuna mikono, juu ya nguo, kuanzia viganja hadi mabegani.

Walipekua. Chini ya kitanda, chooni, darini, ndani ya tangi la maji ambalo Muindi aliligonga kwanza kisha akaingiza kichwa. Walifungua marobota ya nguo. Kwenye steji makondakta waliapa hakuna mtoto aliyepanda, wala peke yake wala na mtu. Mwongeli akaanza kuchukua maelezo, akianza na Kaveke, mama wa chai wa ng'ambo ya barabara.

"Nilimwona kabla ya baruti," Kaveke alisema. "Akaja hapa akaomba mandazi. Baada ya baruti, sikumwona tena."

"Na mama yake?"

"Wakati wa baruti sikuwa hapa, madam. Si sote tulienda kule juu kuona kilima kikipasuliwa? Hata pasta alienda. Lile jiwe lilipopaa, aiee, tulipiga vigelegele mpaka koo zikakauka! Kurudi, nikampata Mama Ismahan amesimama katikati ya barabara na kiatu kimoja. Nikamuuliza, mtoto ako wapi? Akaniambia, mtoto gani?" Kaveke alishusha sauti. "Na mimi huyo mtoto nimempa chai tangu akiwa mgongoni. Huyo mama nimemjua. Lakini macho yale sikuyajua."

Mzee Mutiso, mwenye stoo za ndengu, hakungoja kuitwa. Yeye ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote pale nje.

"Mimi nilisema siku nyingi, hawa watu..."

"Mzee, nataka ulichoona, si ulichosema."

"Kuona sikuona. Nilikuwa kilimani kama wengine. Lakini niliporudi, lori la Hersi, yule shemeji yake, lilikuwa limeshatoka. Mfuateni Hersi, mtampata mtoto."

Hata kabla hajamaliza, simu ya Muindi ililia. Askari wa kizuizi cha barabara walikuwa wamelisimamisha lori la Hersi likiwa na mbuzi, na chini ya majani ya mbuzi wamekuta ndara moja ya mtoto, ya waridi, yenye kipepeo.

Umati ulijua habari hiyo kabla ya Mwongeli kuiandika. Lori liliporudishwa sokoni na askari wawili, watu walilizunguka wakaanza kulipiga mbavu kwa viganja, na mbuzi wakalia kama wanaochinjwa. Haikuwezekana kumshusha Hersi. Mwongeli na Muindi walipanda humo humo kwenye kichwa cha lori, wakabana milango, wakamhoji wakiwa wamebanana watatu kama magunia.

Hersi alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za hina. Aliitazama ile ndara, akaitambua mara moja.

"Ni ya Ismahan. Ilianguka wiki iliyopita. Nikifika tu, anapanda hapa, anashika usukani, anasema yeye ni dereva wa Garissa. Uliza mtu yeyote."

"Mtu yeyote hapa anataka kukupiga."

"Basi usiulize."

"Ulitoka sokoni wakati gani?"

"Asubuhi. Kabla ya ule mlio."

"Mlio gani?"

"Si mlisikia? Mimi nilifikiri tairi la nyuma limepasuka. Nikasimama, nikazunguka lori, nikapiga matairi yote teke. Matairi mazima. Nikasema basi, ni Shabaab wamelipua gari huko mbele. Nikaingia kichakani, nikawaacha mbuzi na Mungu wao, mpaka nilipoona bodaboda inatoka huko na mtu akicheka."

Mwongeli aliinua kichwa. "Hukujua ni baruti? Ni kontrakta wa barabara anapasua kilima."

"Nani angeniambia?"

"Ilitangazwa," Muindi alisema.

"Wapi?"

"Jumapili. Kanisani. Makanisa yote matatu, na kwa Kikamba, ili hata wazee waelewe. Tuliambiwa siku, tukaambiwa saa, tukaambiwa tufunge ng'ombe."

Hersi alimgeukia, akamtazama muda. Kisha akacheka kicheko kisicho na mate. "Ndugu yangu, mimi Jumapili huwa nakaa benchi gani?"

Nje mtu alikuwa akigonga kioo kwa sarafu, taratibu, kama anayemwita mtoto.

Kila mtu aliyetoa maelezo siku hiyo alikuwa ameipima asubuhi kwa baruti: kabla yake, baada yake, wakati wake. Ni Deqa na shemeji yake tu ambao neno hilo halikutoka vinywani mwao. Soko lilikumbuka kuwaambia ng'ombe. Halikukumbuka kumwambia jirani mwenye duka, kwa kuwa matangazo yamekuwa yakisomwa kanisani tangu mababu, na anayeishi hapa huhesabiwa kuwa yuko pale. Kwa hiyo Deqa hakusikia baruti. Alisikia bomu, halafu akasikia watu wengi wakipiga kelele kule juu, halafu akatoka nje akakuta soko zima halina mtu.

"Hersi, Deqa alitoka wapi?"

"Kismayu."

"Alitokaje?"

"Hilo si neno la kusemea kwenye lori, madam."

"Dirisha unaliona. Hatuna mahali pengine."

Hersi alivuta pumzi. Alizungumza akiitazama ile ndara. "Alikuwa mdogo, labda amempita Ismahan kidogo. Kulipigwa mabomu. Mama yake akamtia ndani ya shimo la nafaka, kwetu watu huchimba shimo kwa ajili ya mtama. Akamwambia, usitoe sauti hata ukinisikia nalia. Wakaja watu wa bunduki, wakauliza, watoto wako wapi? Mama akasema, sina mtoto. Wakampiga, wakauliza tena. Akasema, sina mtoto. Na Deqa yuko chini, anasikia yote."

"Mama alipona?"

"Aliyepona ni Deqa."

"Alikuambia mwenyewe?"

"Hajawahi. Alimwambia marehemu ndugu yangu, mara moja. Na ndugu yangu akaniambia mimi, akasema, tusimuulize, mambo haya ukiyafukua yanakufuata. Basi hatukufukua."

Ndivyo tunavyoambiana, Msomali na Mkamba sawasawa. Mama ametoka vitani au ametoka mikononi mwa majangili, tunampa maji, tunampa shuka, tunamwambia amshukuru Mungu na asahau. Kisha tunasifu jinsi alivyo mtulivu. Hatujui kwamba utulivu mwingine ni mfuniko tu, na chini ya mfuniko jambo liko hai, linangoja mlio.

"Muindi," Mwongeli alisema, "bunduki yako ipeleke kwenye gari, uifungie huko. Kofia pia. Vaa lile koti lako la mvua juu ya yunifomu."

"Kwa jua hili, afande?"

"Kila tukimuuliza, anazidi kumficha. Wale watu wa bunduki wanaomtafuta mtoto ndio sisi. Na hawa wa nje wakizidi kupiga kelele, kwake vita vinazidi kukaribia. Hatatuambia. Hata tukikaa mpaka kesho hatatuambia, na mtoto yuko ndani ya kitu."

"Kitu gani?"

"Niambie wewe. Duka la nguo lina vumbi la aina gani?"

"La barabara tu."

"La barabara haliwashi. Tangu tuingie, mama yule anajikuna."

Mwongeli alirudi dukani peke yake. Hakuuliza swali. Alipiga magoti mbele ya Deqa, akasema, "Naomba mkono, dada," akavuta mkono wa buibui taratibu. Deqa alimwachia, macho yakiwa mlangoni. Kitambaa cheusi kilikuwa kimebadilika rangi mpaka kwapani, vumbi laini la kijivu lenye maganda membamba, kama la mtu aliyezamisha mikono yote miwili. Mwongeli alilinusa. Hakuhitaji mtaalamu wa maabara. Alikuwa amelelewa Kyuso. Kila msimu wa kupura alikuwa analala akijikuna hilo hilo.

Ndengu.

Akatoka nje mbio, akamshika Mzee Mutiso kwenye kola katikati ya hotuba yake.

"Stoo yako ilikuwa wazi wakati wa baruti?"

Mutiso aliona aibu kidogo. "Madam, nilikimbilia kile kilima kama mtoto mdogo. Nikasahau kufunga. Lakini nimeshaangalia, hakuna kitu kimeibwa."

"Na yale mapipa ya mabati?"

"Yako sawa. Ni moja tu, lile lililobaki nusu, baruti ilikuwa imetikisa mfuniko ukakaa upande. Nikaurudisha, nikaufunga na mpira."

"Uliufunga."

"Kabisa! Ule ni mpira wa tyubu ya baiskeli, nauzungusha mara nyingi. Ukishafungwa hivyo, hewa haiingii hata ya dawa. Ndiyo kazi ya lile pipa. Hata mdudu humo hawezi..."

Mdomo wake ulibaki wazi. Halafu mzee yule mnene, mwenye goti bovu, aliwapita wote mbio.

Stoo ilikuwa na giza na joto la kuoka. Mapipa matatu ya mabati, kila moja refu kuliko mtu, yalisimama ukutani, na kando ya lile la mwisho magunia yalikuwa yamepangwa kama ngazi. Mutiso alipanda, akashika mpira, vidole vikakataa kuona ncha yake. "Ngai wakwa," alikuwa akimlilia Mungu kwa Kikamba, "Ngai wakwa, ulianzia wapi, ulianzia wapi!"

"Kata!"

Muindi alikata. Mfuniko ukaruka, na hewa iliyotoka ilikuwa nzito, yenye joto la pumzi. Mwongeli aliingiza kichwa na mabega.

"Ismahan?"

Kimya.

"Ismahan, mwanangu, umekwisha salimika. Toa sauti kidogo."

Kimya tena. Macho yakazoea giza. Akaona ndengu, na katikati ya ndengu kitambaa cha buluu, na chini ya kitambaa uso. Mtoto alikuwa amefukiwa mpaka kifuani, kama mche. Kitambaa hicho kilikuwa mtandio wa mama yake, umefungwa mdomoni, si kwa kukaza, kwa upole, na fundo zuri nyuma. Mwongeli alishika makwapa, akavuta, Muindi akamshika yeye miguu ili asizame, na mtoto akatoka akiwa mlegevu, ndengu zikimwagika kutoka kwenye nguo zake na kugonga bati.

Walimlaza juu ya magunia uani, kwenye kivuli. Midomo yake ilikuwa ya majivu. Muindi alipepea kwa kipande cha boksi, haraka, huku akitoa sauti kama anayelia. Mwongeli alifungua mtandio, akampulizia, akampulizia tena. Kifua kilipanda. Kikashuka. Kisha mtoto akakohoa.

Akafungua macho. Akaona nyuso ngeni zimemwinamia. Akainua mkono wake mdogo, akajiziba mdomo mwenyewe.

Mzee Mutiso aliketi chini kwa kishindo. "Kwa nini hakugonga? Mimi nilikuwa hapa! Nilikuwa hapa, nafagia, naimba pambio! Angegonga mara moja tu!"

"Aliambiwa asitoe sauti," Mwongeli alisema. "Na ni mtoto mtiifu."

Dereva alikuwa tayari amewasha gari la kwenda hospitali. Lakini utaratibu ni utaratibu, mtoto aliyepatikana hutambuliwa na mzazi, na Mwongeli alitaka mama huyo apande na mtoto wake. Kaveke alimleta Deqa kwa mkono, umati ukaja nyuma, ukajaza uani mpaka ukutani. Deqa alimtazama mtoto. Alimtazama mara moja tu, haraka, kama anayeangalia jua. Kisha akageuza uso.

"Simjui huyo."

Watu wakaguna kwa pamoja. "Shetani," mwanamke mmoja akasema.

Mwongeli alisimama. "Tokeni. Wote."

"Madam, na hiyo kesi..."

"Nje. Na wewe pasta. Na wewe Mzee Mutiso, inuka. Kaveke, toka mama. Muindi, toka."

"Na wewe, afande?"

"Na mimi."

Muindi alimtazama kama aliyepigwa na jua. Kumwacha mtuhumiwa na mtoto, mlango umefungwa, hakuna shahidi: huo ulikuwa mlango wa kupoteza kazi, na Mwongeli alijua. Aliwatoa watu mmoja mmoja, akatoka wa mwisho, akavuta geti la mabati, akaegemea mgongo. Pasta akaanza kuomba kwa sauti kubwa.

"Pasta, omba kimya."

Soko lilinyamaza. Mwongeli alisikia mlio wa injini ya gari tu. Akahesabu pumzi za mtoto asiyemwona, akijiambia kwamba akifika kumi atafungua, akafika kumi, hakufungua.

Ndipo nyuma ya bati likatoka neno moja, chini, lenye mkwaruzo.

"Hooyo."

Hersi, aliyekuwa amesimama karibu, alijifuta uso kwa kilemba.

"Nani amesema?" Muindi akanong'ona. "Ni mama au ni mtoto?"

"Ni 'mama' kwa Kisomali, na kwetu wote huitana hivyo," Hersi alisema. "Mama humwita mtoto kwa jina lake yeye."

Geti likasukumwa kutoka ndani. Mwongeli akapisha. Deqa alitoka amembeba Ismahan begani, mikono miwili ya mtoto imeng'ang'ania shingo, ndengu zikidondoka nyuma yao moja moja. Umati ukarudi nyuma wenyewe, hakuna aliyeusukuma. Deqa alipita mpaka kwenye gari, akasimama mlangoni, akatazama kule juu ambako kilima kilikuwa kimekatwa nusu, kibichi na cheupe kama jino. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama Mwongeli usoni.

"Wamemaliza?"

"Wamemaliza, mama!" Kaveke alidakia haraka. "Wamemaliza kabisa, nenda na amani."

Mwongeli aliutazama ule upande wa kilima uliobaki. Alijua kama kila mtu pale alivyojua, maana lilisomwa tangazo moja kwa milipuko yote miwili.

"Hapana," alisema. "Imebaki nusu. Alhamisi watapiga tena. Si vita, dada, ni barabara, lakini mlio utakuwa ule ule."

Kaveke alimvuta mkono ili anyamaze. Mwongeli hakunyamaza. "Nitakuja asubuhi hiyo, bila gari na bila bunduki. Tutakaa na mtoto, tungoje pamoja."

Deqa alimpandisha mtoto vizuri begani. Alifikiri, midomo ikitikisika, kama mtu anayetafuta neno katika lugha aliyokuwa ameiweka mbali kwa muda mrefu.

"Saa ngapi?" akauliza.